Mizunguko Miwili kwa Wiki

Tarehe 9 Februari, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mpwa wangu Maswali,

Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana kesi na mimi. Chumba ni kilekile, juu ya duka la fundi saa. Kila asubuhi bado nashuka chini ya jengo kusoma geji ya boila, ingawa nimestaafu, kwa sababu mwenye jengo haelewi mshale ule unasema nini na anaona haya kuuliza.

Barua yako ya Novemba imefika juzi. Hongera kwa kupandishwa cheo katika ofisi ya ustawi wa jamii, na pole kwa kazi ya kwanza waliyokutwisha. Yaani watu wa juu kilimani na watu wa bondeni wamepigana tena kwa ajili ya maji, kumi na wawili wamelazwa, kamati ya mji inataka ripoti, na wewe badala ya kuwapa majina ya waliorusha mawe umewachorea miduara. Umeniletea na mimi mmoja. Maji haba yanazaa foleni, foleni inazaa ugomvi, ugomvi unazaa walinzi na makufuli, na mshale wa mwisho unarudi kwenye maji haba. Unasema jambo la namna hii halina mtu mmoja wa kulaumiwa, na anayemtafuta atazunguka mpaka azeeke.

Mimi nimeshazeeka, na wa kulaumu ninao.

Nyumba yangu haikuchomwa na mshale. Ilichomwa na watu wa bondeni ambao niliwajua hata kwa kikohozi. Fundi viatu alikuwamo. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kibandani kwake wiki ile, na hadi leo sijakipata. Bibi yako alikuwa chumba cha nyuma. Walimtoa hai, akafa siku ya tisa kwa moshi uliomkaa kifuani. Nionyeshe katika mchoro wako ni mshale gani uliobeba mafuta ya taa.

Unaniuliza, mimi niliyekuwa msimamizi wa mafundi wa maji, kwa nini presha ya bondeni iko chini na bomba kuu linapita mlangoni pao. Muulize msimamizi wa sasa. Ndiye aliyekula kiapo cha kazi hiyo.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo. Mvua imegoma. Salamu zako nilimfikishia mama palepale kwenye bomba la mtaa wetu huku bondeni, ndoo yake ikiwa ya arobaini na moja. Akasema, "Mwambie nipo kwenye foleni." Basi hiyo ndiyo salamu uliyorudishiwa. Siku hizi wanamwita Kamanda. Yeye ndiye anayepanga zamu, na mimi mwanawe nikijifanya nina haraka ananirudisha nyuma mbele za watu: "Cheo chako kiache ofisini, hapa njoo na ndoo."

Sasa sikiliza. Mwenyekiti wa kamati ya mji tunamwita Bwana Matangi, kwa sababu malori yote ya maji ni yake na ya shemeji zake. Mwezi uliopita lori lake liliingia bondeni, utingo akamsukuma bibi mmoja aliyekuwa anahoji bei, na mama akamvisha utingo yule ndoo kichwani. Mtaa mzima ulicheka. Bwana Matangi hakucheka. Jina la mama sasa ni la kwanza katika orodha ya wachochezi, na kamati imeamua kwamba wachochezi wote watavunjiwa nyumba na kuondolewa bondeni. Kikao ni tarehe 20 Agosti. Anayetakiwa kuitia sahihi orodha hiyo ni afisa wa ustawi wa jamii. Mimi.

Umeuliza mshale uliobeba mafuta ya taa. Mjomba, haya mambo ya mishale sikuyaanzia kwenye mafunzo. Nilikuwa na miaka minane uliponipeleka sokoni kuona bomba linavuja, ukaniambia, "Mjinga anaziba hapa. Fundi anauliza kule nyuma kumefanyika nini." Ninauliza kule nyuma.

Nimeuchora upya kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Presha ikiwa ndogo, mtu wa bondeni ananunua pampu ya kunyonya. Akinyonya, jirani anapata hewa, naye ananunua pampu. Watu wa juu wanaona maji yao yanapungua, wanasema wale ni wezi, wanajenga matangi makubwa zaidi. Matangi yakijaa, bondeni hakubaki kitu. Hapo ndipo malori yanapoingia, na kadiri malori yanavyoongezeka ndivyo wanavyopungua katika kamati watu wanaotaka bomba lipone. Kila mmoja anafanya la akili mlangoni kwake, na jumla yake ni wazimu.

Mama alisimama na mwiko mkononi akautazama. Akaweka kidole palipoandikwa "presha ndogo." "Hii nayo imetoka wapi? Kabla ya mwaka ule, ukifungua bomba maji yalikurukia usoni."

Mwaka ule, mjomba. Wa moto.

Nimepekua ramani zote za idara. Karatasi ya njia panda ya bondeni haipo. Njia panda kuna nini?

Maswali wako

*

Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Nashukuru kwa habari. Fundi saa amelazwa. Duka limefungwa na ukimya wa saa zile zote unaniamsha.

Unaandika kama mpelelezi, na mpelelezi anayelala nyumba moja na mshukiwa wake wa kwanza. Sitakucheka. Lakini nikuonye kuhusu ule ukuta wa jikoni. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua mchoro kama huo humfaa nani. Ukiwasilisha kikaoni, Bwana Matangi ataupenda kuliko mkewe. Atasimama, atashika kifua: "Ndugu zangu, hakuna mwenye kosa, kosa ni la mfumo." Atautia fremu, autundike ofisini, malori yaendelee. Kila mtu akiwa na sehemu, hakuna mwenye dhambi. Mimi nilimzika mama. Simuwekei mama yangu mshale.

Kuhusu mama yako: hakuna kamati itakayomvunjia nyumba mwanamke wa miaka sabini kwa sababu ya ndoo. Wanatisha tu.

Kuhusu karatasi ya njia panda: ramani za zamani ziliwahi kuingiwa na mchwa. Kwenye kaburi la bibi yako, mama yako aliniuliza kama nilifunga maji, nikamwambia sikuyafunga. Lishike hilo.

Mjomba

*

28 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mchwa hawatumii rula. Karatasi imekatwa kwa wembe, mstari umenyooka kama wa mwanafunzi wa kwanza darasani.

"Wanatisha tu." Wiki iliyopita walikuja kupima nyumba ya mama kwa utepe. Mmoja alishika ncha ya utepe ukutani, palepale mama alipotundika picha yako na bibi. Mama aliwaandalia viti. Walipoondoka alivisugua kwa majivu.

Sikuuliza kama ulifunga maji. Wewe ndiye uliyejibu.

Umeniambia mduara unawasamehe watu. Nimekaa na neno hilo siku nne nimekasirika hadi chakula kikanishinda. Hausamehi mtu, mjomba! Unamwonyesha mkono wake uko wapi. Wa fundi viatu umo: alibeba dumu, akafa mwaka jana bila kusema, na nimemwandika. Wa Bwana Matangi umo, kwa herufi kubwa, na akitaka kuutia fremu autie na jina lake. Wangu umo: miaka kumi na minne nimeandika "hali ni shwari" chini ya kila ripoti kwa kuwa ndivyo ya mwaka uliotangulia ilivyoandikwa. Kuna mduara mwingine mdogo nimeuchora pembeni, karibu na jiko, ambapo wageni hawauoni. Watu wana hasira, wanachoma nyumba. Mjomba ana hasira, hasemi. Asiposema, maji hayapandi. Maji yasipopanda, watu wana hasira. Umezunguka hivyo tangu nikiwa mtoto, na sasa umefika kwa mama.

Siku zilizobaki ni hamsini na tatu. Mama hajakusalimu.

Maswali

*

Tarehe 15 Julai

Maswali,

Leo sina salamu.

Nenda njia panda, simama kwenye kona ya ukuta wa shule, uso ukitazama bondeni. Hesabu hatua kumi na moja za mtu mzima. Chini ya lami hapo kuna chemba yenye mfuniko wa chuma, na ndani yake valvu ya inchi nane. Ina mizunguko ishirini na minne. Nilizungusha kumi na minane.

Ilikuwa amri. Tangi jipya la juu lilikuwa lizinduliwe, wageni waalikwa, na tangi halijai. Mhandisi mkuu akasema niibane valvu ya bondeni wiki mbili, hawatajua. Sikumbishia. Nilijua kuwa wangejua siku ya pili, kwa sababu mtu anayechota hujua maji kuliko mhandisi. Siku ya kumi wakaja na mafuta ya taa. Mhandisi hawakumgusa, aliishi mbali; mimi niliishi jirani nao.

Baada ya mazishi nilikwenda njia panda asubuhi na ufunguo wa valvu begani. Kazi ya dakika ishirini. Nikamsikia mtu anacheka kule chini, kicheko cha kawaida, labda akicheza na mtoto wake. Nikageuka. Karatasi niliikata mchana ule. Juma lililofuata nilikuwa mpakani. Baadaye nikasikia barabara imeinuliwa na kutiwa lami, na nilifurahi. Naandika neno hilo ulione: nilifurahi. Wabebe ndoo, nilisema. Katika hesabu zangu zote wabeba ndoo walikuwa wao. Sikumhesabu dada yangu.

Na nilimwambia sikufunga, kwa kuwa sita ilibaki. Kwa miaka thelathini na moja nimelalia mizunguko sita.

Chimbeni. Fungueni.

Mjomba

*

6 Agosti

Mjomba,

Tumechimba. Chemba ipo, hatua kumi na moja, hukukosea hata kidole. Mafundi wa idara wakatoa tope, wakapaka mafuta, wakavalisha ufunguo na kuzungusha kushoto kama valvu zote hufunguliwavyo. Iligoma, kisha ikakubali. Watu walipiga makofi. Mizunguko sita, halafu ikakwama kabisa.

Kwenye bomba la mtaa maji yalikoroma, yakatoka matone, yakakata. Leo siku ya tatu hakuna hata hilo tone. Bondeni wanasema tumewachezea, juu wanasema mungu si wa watu wachafu, na malori ya Bwana Matangi yamepanga mstari. Jana mawe yaliruka. Mama aliingia katikati amenyoosha mikono kama anavyopanga foleni. Kiwiko hakina kitu, kifundo cha mkono kimevunjika.

Ulisahau kitu, mjomba, au ulinyamaza?

Naituma kwa njia ya haraka.

*

TELEGRAMU. 18 AGOSTI

VALVU HIYO YA KIWANDA KINGINE. HUFUNGWA KUSHOTO HUFUNGULIWA KULIA. MIZUNGUKO MIWILI KWA WIKI MSIZIDISHE MABOMBA YA BONDENI YATAPASUKA. SOMA KIKAONI BARUA YANGU YA JULAI YOTE USIRUKE. POLE KWA DADA. MJOMBA

*

24 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Telegramu ilifika Jumatano, siku moja kabla ya kikao, saa tano asubuhi, saa saba maji yalikuwa yamerudi, membamba kama uzi wa kushonea. Watu walitaka yote siku hiyohiyo. Mwashi mmoja alishika ufunguo akasema yeye hasubiri ruhusa ya mtu aliyekimbia. Mama akamwambia, "Zungusha, baba. Bomba likipasuka chini ya kitanda chako utaoga ukiwa umelala." Akaurudisha. Tangu hapo kila Jumatano mama anakaa kwenye kiti pale chembani, mkono ukining'inia kwa bandeji shingoni, na mtaa mzima unahesabu kwa sauti: mmoja, miwili, basi.

Kikaoni nilisoma barua yako yote. Hata pale "nilifurahi." Watu walipiga kelele, wengine walilia, na Bwana Matangi alisubiri watulie kisha akasema, kama ulivyotabiri ila kwa upande wa pili, "Basi! Mchawi tumempata, na yuko nje ya nchi. Shauri limekwisha."

Nikabandika mchoro. Nikamwambia, "Mwenyekiti, valvu ilikuwa mbegu ya kwanza. Imeota mti. Pampu ni tawi, matangi ni tawi, na malori ni tawi ambalo wewe umekalia." Akasema mimi ni mtoto wa mchochezi. Mama akainuka na mkono wake wa bandeji: "Kama mkosaji ni kaka yangu peke yake, mbona malori yako yanatoka jasho?" Walicheka hadi mlinzi wa mlango.

Orodha sikuitia sahihi. Bila sahihi yangu haina nguvu, na baada ya kicheko kile hakuna aliyethubutu kunilazimisha. Nyumba ya mama haitavunjwa. Nimehamishiwa stoo ya faili, ambako naandika haya. Usinipe pole; ndiko zilikokaa ramani.

Nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Malori bado yapo, yamepungua mawili. Juu wananung'unika kwamba matangi yanachelewa kujaa, lakini wanawake wawili wa huko walishuka Jumatano kutazama, wakahesabu na wengine. Bomba lililo nyuma ya kibanda cha fundi viatu lilipasuka kwenye mzunguko wa tisa. Mwanawe aliliziba mwenyewe. Jana tumefika kumi na miwili. Nusu.

Lile swali langu la Agosti hujalijibu.

Mama anakusalimu. Nimeandika kama alivyotamka. Akaongeza: "Mwambie aje anywe maji."

Maswali wako

*

Tarehe 5 Novemba, mwaka uleule wa thelathini na moja

Mpwa wangu Maswali,

Nimepokea salamu za dada yangu. Nilizisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikashuka kwa boila bila kujua nimeshuka, nikasoma geji mara tatu na sijui ilisema nini. Fundi saa ametoka hospitali. Saa zinalia tena.

Swali lako. Rasimu ya barua ya Julai ninayo hapa mezani. Baada ya neno "kumi na minane" kuna sentensi inayosema "hufunguliwa kulia, tofauti na nyingine." Nimeipiga mstari. Wino ni uleule, mkono ni uleule. Nilijiambia mafundi watajua wenyewe. Hawakuwa na njia ya kujua. Valvu ya namna hiyo ilikuwa moja tu mjini kote, na nilikuwa nimeifunga mimi. Nilitaka wakwame. Nilitaka, kwa mara moja, watu wa bondeni wasimame juu ya shimo lile wakiniita kwa jina. Nilipata nilichotaka, na bei yake ikawa kifundo cha mkono cha dada yangu.

Kwa hiyo andika katika mduara wako mdogo, ule wa karibu na jiko: mjomba hakusema, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na amri ya mhandisi na maiti ya mama yangu. Mara ya pili nilikuwa na kalamu tu.

Nilikuambia simuwekei mama yangu mshale. Nimemwekea. Nilikaa na karatasi nikachora kutoka kwenye uzinduzi wa tangi hadi chumba cha nyuma, na mkono wangu uko katikati ya njia, hauzungukiki. Hasira yangu haijaisha. Waliochoma walichoma. Lakini nilidhani ni mali yangu peke yangu, kumbe nilikuwa nawapelekea kila siku, kupitia bomba la inchi nane, na wao wakinirudishia.

Mwambie dada yangu kwamba kaburini nilimdanganya. Usiseme "mjomba anasema hakukumbuka vizuri." Sema nilimdanganya.

Tangu ile Jumatano ya Agosti nimehesabu hapa pamoja nanyi. Kama hamkuzidisha, jana mmefika ishirini na nne, na leo asubuhi mtu wa bondeni amefungua bomba likamrukia usoni. Valvu ikifika mwisho irudisheni nusu mzunguko, isije ikakwama. Andikeni kwenye mfuniko, kwa rangi isiyofutika, upande inakofungukia. Chemba isifukiwe tena.

Sasa, kuja. Ningeweza kukupa sababu yenye kichwa na miguu: nikitokea huko, Bwana Matangi atapata uso wa kuonyesha watu, kila mtu atanitazama mimi, na ukuta wako wa jikoni utapakwa chokaa. Ni sababu nzuri, na ni kweli, lakini siyo yangu. Yangu ni hii: dada yangu atafungua mlango, atanipa kikombe kwa ule mkono, na nitalazimika kunywa.

Nina miaka sabini na mitatu. Nyumba iliungua, mama amezikwa, ufunguo mnao ninyi. Sitarudi.

Mjomba wako